Kikulacho Ki Majini Mwako: Vimelea vya Samaki wa Mapambo na Jinsi ya Kupambana Navyo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Samaki anayefugwa katika tangi la kioo hana nguo, lakini usemi huo unamhusu zaidi ya unavyomhusu binadamu. Kimlacho kimo katika maji yale yale anamoishi, anamolia chakula na anamovutia pumzi. Hana pa kukimbilia. Maadamu kuta nne za kioo zimemzunguka, uhai wake umo mikononi mwa yule aliyemweka humo, na mikono hiyo aghalabu huwa na nia njema kuliko maarifa.

Samaki wa mapambo hupatikana siku hizi katika kumbi za hoteli, vyumba vya kungojea madaktari, maabara za shule na sebule za watu wa tabaka mbalimbali. Wengi wao hufa kabla ya wakati wao, na si wachache wanaouawa na dawa iliyokusudiwa kuwaponya. Makala haya yananuia kueleza vimelea vikuu vinavyowashambulia samaki hao, namna vinavyoishi, na tiba inayofaa kila kundi. Fauka ya hayo, yanaonyesha kuwa katika uwanja huu jina baya huweza kuzaa tiba mbaya, jambo ambalo halina budi kumshughulisha mwanafunzi wa lugha.

Kimelea na mwenyeji wake

Neno kimelea limeundwa kwa ustadi. Kiini chake ni kitenzi mea, ambacho katika kauli ya kutendea huwa melea, yaani kuota juu ya kitu au mahali fulani. Kimelea basi ni kitu kilichoota juu ya kingine na kupata riziki yake hapo. Wayunani walilitazama jambo hilo kwa jicho tofauti. Neno lao parasitos lilimrejelea mtu alaye mezani pa mwenzake, yaani mdoezi. Kiswahili kimechukua taswira ya shamba, Kiyunani kikachukua taswira ya karamu. Taswira zote mbili zina ukweli, kwani kimelea huota na pia hudoea.

Kiumbe anayebeba kimelea huitwa mwenyeji. Hapa methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone hugeuka juu chini. Katika tangi la samaki, mgeni ndiye aghalabu huja na maradhi, na mwenyeji hapone bali huugua. Samaki mmoja aliyenunuliwa sokoni leo na kutiwa tangini jioni hiyo hiyo anaweza kuangamiza kundi zima lililoishi kwa salama miaka mitatu.

Yafaa kuulizwa kwa nini vimelea haviwamalizi samaki wa ziwani na baharini. Jibu ni kwamba huko maji ni mengi na wenyeji wametawanyika. Kimelea kichanga kikitoka kumtafuta samaki, uwezekano wa kumkosa ni mkubwa kuliko wa kumpata. Isitoshe, maumbile yana waganga wake. Katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ikiwemo ile ya Pwani ya Kenya, yupo samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, ambaye kazi yake ni kuwasafisha samaki wengine kwa kula vimelea vilivyowaganda. Utafiti uliofanywa huko Australia ulionyesha kuwa samaki mmoja wa aina hiyo hula zaidi ya vimelea 1,000 kwa siku. Tangini mambo ni kinyume. Maji ni kidogo, samaki wamesongamana, na kila kimelea kichanga humpata mwenyeji bila taabu. Ndiyo maana idadi ya vimelea ambayo ziwani ingekuwa kero tu, tangini huwa msiba.

Ugonjwa wa madoa meupe

Maradhi yanayofahamika zaidi miongoni mwa wafugaji wa samaki wa maji baridi ni yale ya madoa meupe. Samaki huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Hujikuna kwa kujisugua kwenye mawe, hukunja mapezi yake, hupumua kwa kasi, na mwishowe hukaa karibu na uso wa maji akitafuta hewa.

Kisababishi ni kiumbe chenye seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, jina alilokipa mwanasayansi Mfaransa Fouquet mnamo 1876. Jina hilo likifasiriwa kwa Kiswahili ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Ingawa kiumbe huyu si chawa, sehemu ya pili ya jina inabeba siri yote ya tiba yake, kama itakavyobainika.

Maisha ya kimelea hiki yana hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi au la matamvua ya samaki, kikila seli na majimaji ya mwili. Doa jeupe linaloonekana ni kimelea hicho kikiwa ndani ya kibanda chake, na kinaweza kukua hadi kufikia milimita 1. Katika hatua ya pili, kimelea kilichoshiba hupasua ngozi, hutoka, huzama na kujibandika kwenye changarawe, mimea au kioo. Hapo hujizungushia ganda laini na kuanza kujigawa. Katika hatua ya tatu, ganda hupasuka na kutoa vimelea vichanga mamia kwa mamia, pengine zaidi ya 1,000, ambavyo huogelea kumtafuta mwenyeji. Visipompata kwa muda wa siku mbili hivi, hufa.

Mwendo wa mzunguko huu hutegemea joto. Maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, mzunguko wote hukamilika kwa siku 3 hadi 6. Maji yakiwa na nyuzi 10, huweza kuchukua wiki kadhaa.

Jina linavyopotosha tiba

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Kwa kuwa maradhi yamepewa jina la madoa, mfugaji hudhani kuwa adui wake ni doa. Hununua dawa ya madoa, huitia majini, kisha hutazama madoa. Siku ya tatu madoa hutoweka. Mfugaji hufurahi, huacha dawa na kubadilisha maji. Baada ya siku chache madoa hurejea yakiwa maradufu, na safari hii samaki hufa.

Kilichotokea si muujiza wala si udhaifu wa dawa. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa nyingi za kutiwa majini, kwa sababu kimefunikwa na seli za samaki mwenyewe. Kikiwa ndani ya ganda kwenye changarawe, vilevile kimejikinga. Dawa hukipata katika hatua ya tatu peke yake, pale vichanga vinapoogelea bila kinga. Doa lililotoweka halikuponywa. Limetoka kwenda kuzaa. Siku ambayo samaki anaonekana safi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo maji yana hatari kuliko siku zote, na ndiyo siku ambayo tiba haipaswi kukatizwa.

Kutokana na hoja hii, ni sahihi zaidi kusema kuwa katika ugonjwa huu hatibiwi samaki, bali yanatibiwa maji. Kauli hiyo ikieleweka, mengine hufuata kwa urahisi. Dawa itiwe kwa vipindi vinavyofuata mwendo wa mzunguko. Samaki wote tangini wahesabiwe kuwa wagonjwa hata kama mmoja tu ndiye mwenye madoa. Tena tiba iendelezwe kwa siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hiyo ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa maadili ya binadamu, tangini ina maana yake ya sisisi.

Nyenzo za tiba ya madoa meupe

Nyenzo ya kwanza ni joto. Maji yakipandishwa polepole hadi nyuzi 30 na kushikiliwa hapo kwa siku 10 hivi, aghalabu kimelea hushindwa kuzaana. Njia hii huwafaa samaki wa nchi za joto, lakini si wote, na samaki wa dhahabu ni miongoni mwa wasiopenda joto hilo. Aidha maji ya moto hubeba oksijeni haba. Maji yasiyo na chumvi huweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa na nyuzi 20, ila yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 7.6. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa huo, hewa ni nyepesi na oksijeni ya maji hupungua zaidi. Samaki ambaye matamvua yake yameliwa na vimelea hawezi kustahimili upungufu huo. Kwa hiyo pampu ya hewa haina budi kuongezwa kabla ya joto kupandishwa.

Nyenzo ya pili ni chumvi ya kawaida isiyotiwa vikorombwezo, kwa kipimo cha gramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Chumvi humpunguzia samaki kazi ya kusawazisha maji na madini mwilini wakati ngozi yake imetobolewa, na pia huwasumbua vimelea vichanga. Hata hivyo, mimea mingi ya majini na baadhi ya kambare hawaipendi.

Nyenzo ya tatu ni kemikali, hususan malakaiti ya kijani na fomalini, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa. Zote mbili zina nguvu na zote mbili ni sumu. Malakaiti ya kijani imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi kutokana na hofu ya saratani, kwa hiyo isikaribishwe kamwe kwenye bwawa la ngege wa kuuzwa. Fomalini huinyonya oksijeni ya maji, na ikionekana kuwa na machicha meupe chini ya chupa itupwe, kwa kuwa machicha hayo huwadhuru samaki vikali. Anayezishika kemikali hizi avae glavu na kufungua madirisha.

Vimelea vya maji ya chumvi na mrututu

Samaki wa baharini nao wana madoa meupe yao, yanayosababishwa na Cryptocaryon irritans. Maisha ya kimelea hiki yanafanana na ya yule wa maji baridi, ila maganda yake huweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupasuka. Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri tangi lililoambukizwa liachwe bila samaki kwa muda wa wiki 6 au zaidi, nao samaki watibiwe katika chombo kingine. Upo pia ugonjwa wa vumbi la dhahabu, ambao kisababishi chake baharini ni Amyloodinium ocellatum. Huu huua upesi zaidi, mara nyingi kabla mfugaji hajang'amua kuwa kuna jambo.

Suala hili linaigusa Kenya moja kwa moja. Katika pwani yake, hasa Kwale na Kilifi, wamo wavuvi ambao riziki yao ni kuvua samaki wa matumbawe wakiwa hai ili wauzwe ng'ambo. Samaki akifa njiani kwa vimelea, miamba imepoteza na mvuvi hakupata.

Dawa kongwe ya vimelea hivi ni shaba, hasa katika umbo la chumvi yake ya buluu. Kwa nadra sana huambiwa mwanafunzi kuwa kitu hicho kina jina la Kiswahili. Kamusi za zamani hukiita mrututu, na kilitumiwa na Waswahili kama dawa ya vidonda. Neno hilo limelala vitabuni huku maabara zikiendelea kutamka jina la kigeni. Katika maji ya chumvi, kiasi cha shaba kinachohitajika ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na kishikiliwe kwa wiki 2 hadi 3. Kikipungua, kimelea husalia. Kikizidi, samaki hufa. Kwa hiyo maji hupimwa kila siku kwa kipimio maalumu. Mrututu huwaua konokono, kamba na matumbawe, na mawe ya chokaa huufyonza, basi usitiwe katika tangi la maonyesho bali katika chombo kitupu cha matibabu.

Minyoo, chawa na nanga

Kundi la pili la vimelea ni minyoo bapa wanaojinasa kwenye ngozi na matamvua kwa kulabu. Wawili ndio mashuhuri. Gyrodactylus huzaa watoto hai, na ajabu yake ni kuwa mtoto aliye tumboni tayari ana mtoto wake tumboni, kama masanduku yaliyotiwa moja ndani ya jingine. Dactylogyrus hutaga mayai. Tofauti hiyo ya uzazi ndiyo inayoamua tiba. Dawa ya wote wawili ni prazikwanteli, lakini haiyaui mayai, na kwa hiyo anayepambana na Dactylogyrus hulazimika kurudia baada ya wiki 1 hivi ili awakute walioanguliwa.

Prazikwanteli si ngeni masikioni mwa Wakenya. Ndiyo dawa wanayopewa wanafunzi wa shule zilizo kando ya Ziwa Viktoria dhidi ya kichocho. Minyoo wa kichocho na wa matamvua ni wa ukoo mpana mmoja, na ndiyo sababu silaha moja huwapata wote.

Kundi la tatu ni minyoo wa matumboni. Camallanus hujulikana kwa nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja la samaki. Levamisoli, ambayo wafugaji wa mbuzi na ng'ombe huifahamu vyema, huwapooza minyoo hao wakatoka, kisha sakafu ya tangi hunyonywa kwa mpira ili wasiachwe humo. Viumbe wa seli moja wanaokaa utumboni, ambao humkondesha samaki na kumfanya atoe kinyesi cheupe chenye ute, hutibiwa kwa metronidazoli, dawa ambayo binadamu huinywa kwa ugonjwa wa amiba. Dawa hii hufaa zaidi ikichanganywa na chakula maadamu samaki bado anakula.

Kundi la mwisho ni la vimelea vya jamii ya kamba vinavyoonekana kwa macho. Argulus, chawa wa kweli wa samaki, hutambaa juu ya magamba. Lernaea huzamisha kichwa chake chenye umbo la nanga ndani ya nyama na kuacha mkia ukining'inia mithili ya uzi. Wachache huweza kutolewa kwa kibano na kidonda kikasafishwa, ilhali mabuu yao majini huhitaji dawa inayozuia kujibadili gamba.

Kabla ya kufungua chupa

Si kila samaki anayejikuna ana vimelea. Amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, pamoja na klorini ya maji ya mfereji, huunguza ngozi na matamvua na kuzaa dalili zile zile. Hatua ya kwanza basi ni kupima maji, na ya pili ni kukwangua ute kidogo wa ngozi na kuutazama kwa hadubini. Dawa iliyotiwa kwa kubahatisha huweza kuwaua bakteria wema wa chujio wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Hapo samaki hunusurika na kimelea asichokuwa nacho akafa kwa amonia aliyoletewa na daktari wake.

Hatua ya tatu ni hesabu. Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40, na maji ya kina cha 40. Zao lake ni sentimita za ujazo 144,000, yaani lita 144. Changarawe na mawe yakichukua lita 14, maji halisi ni lita 130. Chumvi ya gramu 2 kwa lita itakuwa gramu 260, na prazikwanteli ya miligramu 2 kwa lita itakuwa miligramu 260. Anayekadiria kwa macho na kuliita tangi hilo la lita 200 amezidisha dawa kwa zaidi ya nusu. Makaa ya kuchujia nayo yaondolewe kabla ya tiba, la sivyo yatainyonya dawa yote.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Samaki mgeni akae karantini katika chombo chake kwa siku 30, na vifaa vyake, ukiwemo wavu, visishirikiwe. Maji ya tangi lenye maradhi yasimwagwe mtoni, wala samaki wagonjwa wasiachiliwe huko. Lernaea imeenea duniani kwa kusafirishwa pamoja na samaki wa kufugwa.

Samaki wasio na ziwa la kurudi

Huenda msomaji akaona kuwa haya yote ni anasa ya wenye nafasi. Mfano wa Ziwa Viktoria unatosha kumwondolea dhana hiyo. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wenye rangi za kupendeza. Sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Katika miaka ya 1980 idadi yake ilifumuka, na inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka au kukaribia kutoweka, uchafuzi wa maji nao ukichangia. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi Mwanza walichukua baadhi ya furu hai hadi Uholanzi, na wengine wakazalishwa katika matangi ya Uingereza na Marekani.

Zipo spishi ambazo tangu wakati huo hazijaonekana tena ziwani, na zimebaki hai ndani ya kioo tu. Kwa samaki kama hao, mtunzaji akikatiza dawa kwa kuwa madoa yametoweka, au akikosea kuhesabu lita, kinachokufa ni spishi nzima pamoja na kumbukumbu ya ziwa.

Hitimisho

Imebainika kuwa tiba ya vimelea vya samaki huhitaji kumjua adui, kuujua mzunguko wake, kuyapima maji na kuvumilia hadi mwisho. Imebainika vilevile kuwa maelezo yakiwa mabovu, dawa nzuri huua. Dawa nyingi za samaki huja na maelezo ya Kiingereza au Kijerumani, ilhali wanaowatunza samaki mahotelini, na wanaowavua Kwale na Kilifi, huzungumza Kiswahili kila siku. Mtu anayekisia maana ya karatasi ya dawa hukisia pia kipimo chake.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu hapa. Maneno kama kimelea, mwenyeji, matamvua, karantini na mrututu yapo tayari. Kinachokosekana ni matini yanayoyatumia mahali yanapohitajika. Idara za Kiswahili zikishirikiana na zile za sayansi ya samaki, kijitabu cha kurasa chache kinaweza kuandikwa, kikajaribiwa kwa watunzaji wenyewe na kusahihishwa kabla ya kuchapishwa. Sentensi yake ya kwanza ingefaa iwe ile ya kumwambia mtunzaji asiache dawa siku madoa yanapotoweka.